Uzi wa jina Samweli: Hana alimaanisha nini, na kwa nini limejaa huku Kanda ya Ziwa?

MwalimuNyakato:

Wakuu, habari za jioni.

Ninafundisha darasa la watoto kanisani hapa Nyakato, Mwanza, na wazazi wanapoleta kichanga mbele kuombewa, mimi ndiye huombwa kusema neno kuhusu jina lake. Kwa wavulana, hakuna jina ninalokutana nalo mara nyingi kama Samweli. Ukimuuliza mzazi maana yake, jibu huwa lile lile: "Mungu amesikia." Watu wanaitikia amina, ibada inaendelea.

Amina hiyo naiheshimu. Ila jina hili limebeba habari kubwa kuliko hayo maneno mawili, na inaniuma kuona linapita hivi hivi, wakati wazazi wengi wanaolichagua wamepitia mambo mazito kabla ya kumpata huyo mtoto. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Kisa mnakijua. Elkana wa Rama ana wake wawili, Penina mwenye watoto na Hana asiyejaliwa. Kila mwaka familia inapanda Shilo kutoa dhabihu, na kila mwaka Penina anamchokoza mwenzake mpaka analia na kususa chakula. Safari moja Hana anasimama kuomba, midomo inacheza, sauti haitoki, na kuhani Eli anadhani mama huyu amelewa. Anaweka nadhiri kwamba akipewa mtoto wa kiume atamtoa kwa Bwana siku zote za maisha yake. Anampata. 1 Samweli 1:20 inasema akamwita Samweli, akieleza kwamba alimwomba kwa Bwana.

Simameni hapo kwenye "alimwomba". Hana anataja kuomba, hataji kusikiwa.

Kwa Kiebrania kuomba ni *sha'al*. Ukitaka kumwita mtu "aliyeombwa" kwa kitenzi hicho unapata *Sha'ul*, yaani Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli. Kwa hiyo maelezo ya Hana yanamkaa Sauli vizuri kuliko yanavyomkaa mwanawe. Tena mstari wa 28 wa sura hiyo hiyo, anapomkabidhi mtoto pale Shilo, Kiebrania kinatumia neno *sha'ul* lenyewe. Wataalamu wa Agano la Kale wamelijadili sana jambo hili. Wapo wanaosema simulizi hii mwanzoni ilikuwa ya kuzaliwa kwa Sauli, ikahamishiwa kwa Samweli. Wapo wanaosema mwandishi amegonganisha majina haya mawili kwa makusudi. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu ukifika sura ya 8, Waisraeli wanapomwendea Samweli mzee wakitaka mfalme, kitenzi cha kuomba ni kile kile cha Hana. Mama aliomba mtoto, akapewa nabii. Taifa likaomba mfalme, likapewa mtu ambaye jina lake ni "Aliyeombwa". Msikilizaji wa Kiebrania alikuwa anayasikia yote haya tangu sura ya kwanza. Sisi kwa Kiswahili yanatupita.

Tuje kwenye "Mungu amesikia". Kusikia kwa Kiebrania ni *shama*, na mwisho wa mzizi wake kuna ayin, herufi ya kooni ambayo Waarabu nao wanayo. Jina lenye kitenzi hicho waziwazi ni Ishmaeli. Katika Mwanzo 16:11 malaika anamwambia Hajiri amwite mtoto hivyo kwa kuwa Bwana amesikia mateso yake. Simeoni ni hivyo hivyo: Mwanzo 29:33, Lea anasema Bwana amesikia kwamba yeye hapendwi. Sasa liandike jina Samweli kwa Kiebrania: shin, mem, waw, alef, lamedi. Ayin haimo. Shin na mem ni *shem*, "jina". Alef na lamedi ni *El*, "Mungu". Umbo lenyewe linasema "jina la Mungu", au kama wengine wanavyolisoma, "jina lake ni Mungu".

Je, wanaosema "Mungu amesikia" wanadanganya? Hapana, na nitawatetea. Hana hakuwa anaandika kamusi. Alikuwa mama ameshika mtoto aliyemlilia, akachagua jina ambalo sauti yake inagusa kila kilichompata: kuomba, kusikiwa, na jina la Mungu aliyemwendea. Halafu someni sura ya 3. Kijana analala hekaluni, anaitwa usiku, anakimbilia kwa Eli, anarudishwa kulala, mpaka Eli anamfundisha ajibu kwamba mtumishi wako anasikia. Sura nzima ni ya masikio. Mungu alimsikia mama, kisha mtoto akamsikia Mungu. Atakayeniambia jina hili linahusu kusikia nitamkubalia, ila nitamwomba asome na hiyo nusu ya pili.

Nawakaribisha. Nataka sana kusikia mzee yeyote wa Kisukuma anayejua habari za majina, maana naona ndugu zangu wa Shilo na wa Usukuma wanatoa majina kwa njia moja.

---

NamhalaMagu:

Mwangaluka, mwalimu. Umeita wazee, nimekuja.

Umesema kweli. Kwetu jina halitafutwi kwenye orodha, linatoka kwenye jambo lililotokea. Mtoto amezaliwa mvua inanyesha, ni Mabula. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata tumboni ni Shija, hata usipoonyeshwa hao wakubwa zake unajua wapo au waliwahi kuwapo. Aliyezaliwa wakati wa nzala, yaani njaa, anaitwa Nyanzala. Makoye amezaliwa nyumba ikiwa katika matatizo. Mtu akikutajia jina lake tu, umeshapata kipande cha historia ya nyumba yao. Halafu yapo majina ya kurithi, ya babu na bibi waliotangulia, na hayo yana taratibu zake ambazo siwezi kuzimaliza hapa.

Umemtaja Hana. Mimi nitakutajia mwingine kutoka kitabu hicho hicho, sura ya 4. Mke wa Finehasi anajifungua siku anayosikia sanduku la agano limetekwa na Wafilisti, mume amekufa, baba mkwe Eli ameanguka amekufa. Anamwita mtoto Ikabodi, yaani utukufu umeondoka, kisha naye anakata roho. Huyo kwetu angeitwa Makoye bila mjadala.

Kijana anayetaka kujifunza haya aende Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Atajifunza mengi ya wazee wetu kuliko kwenye simu.

---

MwanaIgoma:

Shikamoo mzee Namhala. Mwalimu, uzi mzuri, lakini niseme ninachoamini. Kama Wasukuma tuna Mabula na Makoye, ya nini kwenda kuazima Samweli kwa Wayahudi? Darasani kwetu tulikuwa na akina Samweli kila kona, wakatofautishwa kwa majina ya baba. Mabula alikuwa mmoja, na hakuna aliyemchanganya na mtu. Wamisionari walikuja, wakasema jina lako la nyumbani ni la kishenzi, chukua hili. Sisi tunaendeleza.

---

MwalimuNyakato:

Mwangaluka, baba. Wabeja sana, Ikabodi nilikuwa simfikirii kabisa.

Ndugu MwanaIgoma, nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako ni nzito na ina ukweli ndani yake. Ni kweli majina haya yalikuja na ubatizo. Watu wa CMS, chama cha wamisionari Waanglikana wa Uingereza, walifika kwenye ziwa hili mwaka 1877. Wakafungua kituo Nassa mwaka 1888, na mwaka 1909 kituo hicho kikapokelewa na African Inland Mission, ndiyo mizizi ya AIC (Africa Inland Church) tunayoijua. Mapadre Weupe wa Kikatoliki nao walianza Bukumbi mwaka 1883. Mtu aliingia darasa la ubatizo akiwa na jina moja, akatoka na jingine. Yapo majina ya nyumbani yaliyopotea kwa njia hiyo, na ni hasara.

Lakini tazama walichokifanya babu zetu wenyewe. Hawakuacha. Waliunganisha. Samweli Mabula, Samweli Shija, Samweli Makoye: yameenea kutoka Kwimba hadi Geita. Jina la kwanza linamhusu Mungu, la pili linahusu siku ile na nyumba ile. Na hilo la kwanza pia, kama mzee alivyoonyesha, limetoka kwa mama aliyelichagua kutokana na yaliyompata. Mimi sioni utumwa hapo.

Kwa nini Samweli na si wengine? Naona mambo matatu, ila uzito wake haulingani. Makanisa ya Kiprotestanti yanayosoma sana Agano la Kale yamekuwa na nguvu kwenye mwambao huu, AIC, Wasabato, na baadaye Wapentekoste. Ukiingia kwa Wakatoliki wa zamani utakuta zaidi majina ya watakatifu, akina Deogratias, Renatus, Pastory. Hata Ulaya ilikwenda hivyo: baada ya Matengenezo ya Kanisa ndipo Waprotestanti wa Uingereza walipoanza kuwaita watoto Samuel kwa wingi, na Wapuriti wakavuka nalo bahari hadi Marekani. Mpaka leo halijachakaa huko. Mwaka 2020 lilikuwa ndani ya majina 30 ya kwanza ya wavulana waliozaliwa Marekani.

Pili ni watu wakubwa. Hapa nchini tumekuwa na Samuel Sitta, Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, tena mtu wa Urambo, jirani zetu wa Unyamwezi. Vijana wa mpira wao walimjua zaidi Samuel Eto'o wa Kameruni, aliyechukua kombe la Ulaya na Barcelona mwaka 2006 na 2009, akalichukua tena na Inter mwaka 2010.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni Hana. Nabii watu wanamheshimu, ila nadhani wengi wanaomwita mtoto Samweli wanamfikiria yule mama. Huku kwetu mwanamke asipozaa anajulikana mtaa mzima, anasemwa kisimani na sokoni. Akijaliwa, jina la mtoto linajibu wote kwa mara moja bila yeye kufungua mdomo.

---

MamaSamweli_Sengerema:

Mwalimu, umeniandika mimi. Huwa nasoma tu humu, sichangii, ila leo nimeshindwa.

Nilikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Penina wangu hakuwa mke mwenza, walikuwa mawifi. Mume wangu ni mtu mwema, alikuwa ananiambia kama Elkana alivyomwambia Hana kwenye mstari wa 8, kwamba je, yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Nataka wanaume mnaosoma hapa mlijue hili: neno lile ni la upendo lakini halifariji. Angalieni, Hana hakumjibu. Aliinuka akaenda kuomba. Kwa nini hakuna mhubiri anayesimama kwenye ukimya ule?

Nilipojifungua hakukuwa na kikao cha jina. Baba mkwe mwenyewe alisema, "Huyu ni Samweli, jina la nyumbani tutajua baadaye." Leo hata kijijini kwetu hakuna anayelijua jina langu la usichana. Ni Mama Samweli sokoni, Mama Samweli kanisani. Kila nikiitwa nasikia.

Sikujua habari za Sauli na hiyo ayin. Nimefurahi, ila kwangu limeongeza tu. Niliomba, nikasikiwa, na ni jina la Mungu. Yote matatu nayachukua.

---

MwalimuNyakato:

Mama Samweli, shikamoo. Umesema vizuri kuliko mimi. Hilo la ukimya wa Hana nitalipeleka darasani Jumapili, kwa ruhusa yako.

---

Ismail_Kirumba:

Assalaam alaykum, na wengine habari zenu. Naomba nami niingie, maana nimetajwa kwa jina!

Kumbe hilo "Mungu amesikia" mnalolisifia ni letu akina Ismail. Mwalimu amesema sawa kuhusu ayin. Kwa Kiarabu kusikia ni *sami'a*, na kila Mwislamu anayeswali anatamka kitenzi hicho kila anapoinuka kutoka kwenye rukuu: *Sami'a Allahu liman hamidah*, Mwenyezi Mungu amemsikia anayemhimidi. As-Samii, Mwenye kusikia, ni katika majina yake matukufu. Hata hiyo *shem* ya Kiebrania ni ndugu wa *ism* ya Kiarabu, ile iliyomo kwenye bismillahi. Waswahili tukaichukua, tukapata isimu.

Nabii Samweli tunaye pia, ingawa Qur'ani haikumtaja kwa jina. Katika Surat al-Baqara, aya ya 246 na kuendelea, wana wa Israili wanamwambia nabii wao awawekee mfalme, naye anawaambia Mwenyezi Mungu amewateulia Taluti, ambaye ndiye Sauli wenu. Wafasiri wengi, Ibn Kathir akiwemo, wanamtaja nabii huyo kuwa Shamwil. Na karibu na Yerusalemu kuna mahali panaitwa Nabi Samwil, panapoaminika kuwa kaburi lake. Juu pana msikiti, na Mayahudi nao wanakwenda kuomba hapo hapo.

Tena Waarabu walikuwa na jina hili kabla ya Uislamu. Alikuwepo mshairi Myahudi wa Arabuni, as-Samaw'al ibn Adiya, ambaye uaminifu wake katika kutunza amana umekuwa methali ya Kiarabu: mwaminifu kuliko Samaw'al. Kwa hiyo mwenye mtoto anayeitwa Samweli amwambie na hilo pia, asidhani jina lake ni la kanisani peke yake.

---

MwanaIgoma:

Ismail umenifundisha. Swali: kama Kiebrania ni Shemueli, na sisi Kiswahili "sh" tunayo, kwa nini tunasema Samweli na si Shamweli?

---

MwalimuNyakato:

Wa alaykum salaam, kaka Ismail. Methali ya Samaw'al naiweka kwenye daftari.

Ndugu MwanaIgoma, ni kwa sababu ya Wagiriki. Agano la Kale lilipotafsiriwa Kigiriki, karne chache kabla ya Kristo, watafsiri hawakuwa na herufi ya "sh", wakaandika *Samouēl*. Kilatini kikachukua hapo, Kiingereza kikafuata, na Biblia ya Kiswahili ikatoka na Samweli, kwa "w" na "i" ili litamkike kwetu. Ndiyo njia iliyomfanya Shim'on akawa Simeoni. Waarabu hawakupitia kwa Wagiriki, ndiyo maana kwa wafasiri amebaki Shamwil, mwenye "sh" yake.

---

Karani_Ilemela:

Wakuu, mmemaliza ya mbinguni, sasa niwaletee ya duniani, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Jina hili linaandikwa kwa namna nyingi: Samweli, Samwel, Samuel, Samwely, nimeona hata Samwelly. Mzazi anamwandikisha mtoto Samweli kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika Samwel. Akifika kidato cha nne mwenyewe anataka la kizungu, anaandika Samuel. Kwa babu yake wote ni mtu mmoja. Kwenye karatasi za serikali, benki, mkopo wa chuo, ni watu watatu. Hapo ndipo kijana anaanza kuhangaika na hati ya kiapo kwa wakili ili kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni yeye.

Chagueni namna moja siku ya kwanza. Iandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpeni anayejaza fomu, msimtamkie kwa mdomo. Kabla hamjaondoka dirishani someni mlichoandikiwa. Na jina la baba na la babu yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, maana nimeona Mabula akiwa Mabura kwa kuchanganya "l" na "r" tu.

Mimi ningeshauri Samweli, kama ilivyo kwenye Biblia ya Kiswahili.

---

NamhalaMagu:

Karani amesema jambo la maana. Niongeze moja ambalo wahubiri wanalipita haraka. Samweli huyu mkubwa alikuwa na watoto wawili, Yoeli na Abiya, aliwaweka kuwa waamuzi Beer-sheba, wakala rushwa na kupotosha hukumu. Sura ya 8. Ndicho kilichowapa wazee wa Israeli sababu ya kuomba mfalme. Yoeli maana yake Bwana ni Mungu, na Abiya, Bwana ni baba yangu. Baba nabii, majina mazuri kabisa, na bado. Hana alimpeleka mwanawe Shilo, na kila mwaka akapanda na kanzu ndogo aliyomshonea. Mtoto alilelewa, akafuatiliwa mpaka mavazi.

---

BintiNansio:

Hamjambo wote. Nawasoma kutoka Ukerewe. Natarajia kujifungua karibuni, na nyumbani walishapanga Samweli kabla hatujajua ni mtoto gani. Akiwa wa kike je? Kuna mtu ameniambia Samwela, sijalipenda.

---

MwalimuNyakato:

Dada, hongera, Mungu akufikishe salama.

Samuela lipo, Waitaliano wanalitumia. Ila kama kisa hiki ndicho kilichowagusa nyumbani, jina la kike limo humo humo: Hana. Kwa Kiebrania ni *Channah*, kutoka mzizi wa fadhili na neema, ule ule uliomo kwenye Yohana, "Bwana amefadhili". Wagiriki walilifanya Anna, kwa hiyo akina Ana wote wa Bukumbi na Nansio ni wajina wake. Na mistari ya mwanzo ya sura ya 2 ni wimbo wake mwenyewe, ambao wasomi wengi wanaona mwangwi wake katika wimbo wa Mariamu kwenye Luka 1. Baada ya Samweli alijaliwa wana watatu na mabinti wawili, 1 Samweli 2:21.

---

MamaSamweli_Sengerema:

Mdogo wangu, mwite Hana. Watamtania kidogo shuleni, "Hana hana kalamu", atazoea.

---

Karani_Ilemela:

Na "n" iwe moja tu jamani, H-A-N-A, kama kwenye Biblia ya Kiswahili. Ukishaweka Hannah, hapo mtaanza kubishana na "h" ya mwisho mpaka chuo kikuu.

---

BintiNansio:

Asanteni sana, dada na kaka zangu. Nimemwonyesha mama mkwe ujumbe wa Mama Samweli, ameusoma mara mbili. Anauliza kama Mama Samweli ni yule wa Kamanga.